Mpishi Mbele ya Zohali

Msiniulize mimi nyota yangu ni ipi. Niliwahi kuwa na nyota, tena ya ubia, nusu yangu nusu ya kaka yangu, na nyota hiyo ilinikalisha kwa mama mpaka wasichana niliokua nao wakawa wamebeba mtoto wa tatu mgongoni. Siku hizi akija mtu hapa Dodoma na habari zake za Mizani kutopatana na Jadi, namkaribisha, namsikiliza mpaka mwisho, halafu namtakia safari njema. Mtanisamehe. Mambo hayo yalinilia miaka yangu, nami siwezi kuyasimulia kwa upole.

Kwetu ni Kondoa. Wakati ule Wadachi walikuwa wamekwisha kujenga boma lao, na kila asubuhi tarumbeta ililia juu ya ukungu, ukungu wenyewe umelala mabondeni hata milima ya Irangi ukiitazama unaona inaelea. Tulizaliwa pacha. Kaka yangu Abbasi alitangulia, mimi nikafuata bila kutazamiwa na mtu, nikaitwa Sikudhani. Mama yetu, jina lake Mishi, ukimwuliza habari za siku ile hakuwa na maneno mengi. "Alitoka huyu, akatoka huyu," basi, anarudi kwenye kinu chake.

Abbasi alichukuliwa mwaka wa vita vya kusini. Wadachi walitaka wapagazi, akida akapita nyumba kwa nyumba akitazama mabega ya vijana, na mabega ya kaka yangu yalionekana toka mbali. Tulikuwa na miaka kumi na minane. Aliondoka anacheka, mjinga yule, utadhani anakwenda harusini. Mlangoni akanigeukia: "Siku, usinimalizie mlenda." Nikamwambia nitaumaliza na chungu chenyewe nitakivunja. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Vita vikaisha. Baadhi ya wapagazi walirudi, wamekonda, wamekuwa wazito wa kusema. Mmoja alidai alimwona Abbasi akivuka Rufiji na sanduku kichwani. Mwingine akasema hapana, Rufiji hakufika. Mama alikwenda bomani akaambiwa asubiri, akasubiri, akaenda tena, akaambiwa asubiri. Baba yetu alikwisha kufariki zamani, kwa hiyo nyumbani kwetu hapakuwa na mwanamume wa kumtuma. Ndipo akaamua kwenda kwa Mwalimu Salehe, nami nikamfuata.

Mwalimu Salehe alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja bara na msafara wa pembe, goti likamgomea, akabaki Kondoa akisomesha watoto Kurani na kuwatazamia watu nyota. Hakuwa tapeli. Nasema hivyo ingawa kuna wakati nilimchukia mpaka nikawa napita njia nyingine nisimwamkie. Alikuwa na hesabu zake za falaki alizofundishwa na babu yake, na sinia la shaba alilolijaza mchanga mweupe wa Mto Bubu. Mchangani alichora mraba, akaukata nyumba kumi na mbili, moja kwa kila buruji, ndizo zile Mizani na Jadi na wenzao, kisha akazipanga nyota. Kauri ilikuwa Mwezi. Ushanga wa buluu ulikuwa Zuhura, kokwa ya ukwaju ilikuwa Mushtara, na Zohali alikuwa kipande cha mkaa. Nyingine nimezisahau.

Mama akamtajia mwaka, akamtajia mwezi wa mfunguo nane, siku za mwisho kabla mwezi haujaandama.

"Na saa?" Mwalimu akauliza.

"Alasiri."

"Wote wawili?"

Mama akainama, akaanza kung'oa uzi uliochomoza kwenye pindo la kaniki yake. "Wote wawili," akasema.

Mwalimu akahesabu, midomo inacheza. Alipoanza kuzitia zile nyota mchangani alizitia polepole, na baraza lote likatulia, hata wale watoto wa chuo chake wakaacha kusukumana. Nami, jamani, sitaki kusema uongo, nilipendezwa. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu, mchanga unameta, na mimi natazama mbingu ya siku niliyozaliwa imewekwa kwenye sinia mbele ya magoti yangu. Nilihisi nikiinama sana nitatumbukia.

"Nyota ni kama watu wa ua mmoja," Mwalimu akasema. "Wako wanaoangaliana kwa wema. Wako wanaoangaliana kwa jicho la ugomvi. Wako walioketi ana kwa ana, hawana pa kukwepea. Na wako wasioonana kabisa, ukuta umepita katikati."

Akachukua uzi mwekundu, akaupitisha toka kwenye mkaa uliokuwa nyumba ya Saratani, ukaenda kwenye kokwa nyumba ya Akarabu, ukaenda kwenye ushanga nyumba ya Hutu, ukarudi kwenye mkaa. Ikawa pembetatu.

"Zohali, Mushtara na Zuhura. Hawa wanapendana. Umbo hili babu yangu aliliita mafiga, na mtu mwenye mafiga hakosi pa kuteleka chungu. Sasa mtazameni Mwezi." Ile kauri ilikuwa imekaa peke yake nyumba ya Jadi, ng'ambo ya pili, inautazama mkaa. "Mwezi yuko ana kwa ana na Zohali. Zohali ni baridi, ni njia ndefu, ni mizigo. Lakini Mwezi huyu anawaangalia wale wawili wengine kwa wema, nao wanamsaidia. Huyu ni mpishi. Amechuchumaa mbele ya mafiga, anaikabili baridi ya Zohali kwa moto wake. Maadamu mpishi hajaondoka, chungu kinachemka."

Mama akamshika mkono. "Kwa hiyo yu hai."

"Nimesema chungu kinachemka, Mama Abbasi."

"Na mpishi ni nani?"

Mwalimu akanitazama mimi, akasema, bila kufikiri sana, nina hakika hakufikiri sana: "Labda ni huyu aliyebaki jikoni."

Loo! Laiti angejiuma ulimi siku ile. Mama aligeuka akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyepoteza ng'ombe akaona nyayo. Njia nzima kurudi nyumbani alinishika mkono, mimi mwanamke mzima, asije mtu akaniiba.

Toka hapo nikawa mpishi wa mbinguni. Mama alikuwa na hesabu yake: nyota zetu ni moja, kwa hiyo linalonifika mimi linamfika Abbasi. Ugali wa uwele akaanza kunipakulia wa watu wawili. Nikimaliza wangu ananisogezea wa pili. "Kula na cha mwenzio." Nikisema nimeshiba anasema, "Wewe umeshiba, yeye je?" Nilinenepa, jamani, mpaka watoto wakanitungia jina. Upepo wa kipupwe ukivuma ananifunika shuka juu ya shuka, mimi jasho linanitoka, yeye anasema huko kusini kuna baridi. Nikijikata na kisu analia. Mara moja nilipata homa. Akakaa kitandani kwangu akimwambia Abbasi avumilie. Mimi ndiye niliyekuwa nateketea, na pole alikuwa anapewa mtu mwingine!

Na jambo baya kuliko yote ni hili, kwamba nami nilianza kuota. Nilikuwa naota natembea kwenye majani marefu, mzigo kichwani, mbele yangu mgongo wa mtu nisiyemjua. Hatusemi. Jua halichwi. Tunafika mtoni, nainama kunywa, na maji yana ladha ya chuma. Ninapoamka shingo inaniuma. Nilipomwambia mama alinikumbatia kwa furaha akawa anacheka na kulia, akataka nimweleze mto ulikuwa mpana kiasi gani. Nikamweleza. Sikuwa na moyo wa kumnyima. Baadaye nikawa naulizwa kila asubuhi, na siku ambazo sikuota chochote nilikuwa namwona anavyonywea, basi namwambia tu kwamba nimeona milima.

Kwenda mbali nikakatazwa. Chemchemini kuteka maji, sawa. Shambani, sawa, kama naonekana. Mpishi asiondoke mbele ya mafiga. Miaka ikaenda hivyo, mmoja, wa pili, mpaka ikafika mitano tangu Abbasi achukuliwe.

Halafu akaja Msafiri.

Alikuwa kijana wa Kirangi, mnunuzi wa nta na samli, anapeleka bidhaa zake kwa watu wa reli. Reli wakati ule ilikuwa imetoka pwani inafika Dodoma, na Msafiri aliipenda kama mtoto anavyopenda ngoma. Tulikuwa tunaonana chemchemini asubuhi. Ulikuwa ndio mwaka wa nyota ya mkia. Ilikaa mashariki kabla ya jua kutoka, mkia umetanda mbingu nzima, na watu walikuwa wanakunja nyuso wasiitazame. Yeye aliweka mizigo chini akaitazama sana.

"Huyo naye, na moshi wake huo, anakwenda Dodoma," akasema.

Nikacheka mpaka mtungi ukanimwagikia. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Abbasi aondoke. Basi, hayo ndiyo mapenzi yangu, kama mnataka kuyajua. Sina mengine ya kusimulia, yaliyobaki ni yangu.

Posa ikaletwa. Ba'mdogo wangu ndiye walii, wa kuniozesha, na yeye hakuwa na neno, alimpenda Msafiri, ila alisema kwanza radhi ya mama. Mama aliwapokea wale wazee vizuri, akawapa maziwa, akawaambia: "Binti yangu ataolewa kaka yake akirudi." Wakauliza anarudi lini. Akasema, "Hilo Mungu ndiye anayejua, lakini nyota zimesema yu hai." Wakaondoka wanatazamana.

Usiombe ukaona hasira niliyokuwa nayo. Nilivunja mtungi. Nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Alinisikiliza, akangoja nimalize, akasema kwa sauti ndogo: "Ukiondoka wewe, moto unazimika. Utakuwa umemuua wewe." Nikainama kuokota vigae vya mtungi.

Msafiri naye hakunificha. "Mavuno yakiisha naondoka, Siku. Nimepata kiwanja karibu na stesheni. Nikienda huko peke yangu sirudi Kondoa kutafuta mke." Hakusema kwa ubaya. Lakini uwele ulikuwa umekwisha kuiva, na kila siku nilipokwenda shambani kufukuza ndege niliyatazama masuke yale natamani yarudi kijani.

Aliyenifungua macho ni Bibi Batuli. Huyu alikuwa mkunga wetu, amewapokea nusu ya watu wa Kondoa, mzee wa meno mawili na maneno elfu. Alikuja kutaka unga siku mama yuko shambani, akanikuta napepeta huku nafyonza.

"Una nini wewe? Uwele umekukosea nini?"

Nikammwagia yote. Mafiga, mpishi, alasiri ya sisi wawili, posa, mavuno. Bibi Batuli alisikiliza huku anajikuna goti, halafu akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Alasiri wote wawili! Nani kasema hivyo?"

"Mama."

"Hebu niache mie! Kaka yako ndiye wa alasiri. Wewe ulinitesa. Nilimfunga kaka yako nguo, nikakunja mkeka, nikidhani nimemaliza, mara mama yako anapiga kelele tena. Hatukujua kuwa mko wawili. Nikasali magharibi nikakukuta bado. Nikasali isha nikakukuta bado. Ulikuja watu wamekwisha kula na kunawa." Akaniangalia. "Mbona umeacha kupepeta?"

Nilikuwa nimeacha kwa sababu nimelikumbuka sinia la Mwalimu. Mimi si mjuzi wa falaki, lakini nilikaa mbele ya sinia lile muda wa kutosha kujua jambo moja. Nyota nyingine zina miguu mizito, zinakaa nyumba moja miezi na miaka. Mwezi hana subira. Mwezi anaweza kuwa nyumba hii alasiri, na watu wakila chakula cha usiku akawa amekwisha kuhama.

Sikulala vizuri, na sikuota chochote. Asubuhi mama aliponiuliza nimeona nini, nikamwambia, "Sijaona kitu, Mama. Twende kwa Mwalimu." Akavaa haraka. Nadhani alifikiri nina habari za Abbasi. Njiani tukampitia Bibi Batuli, na mama alipomwona anafunga mlango wake na kushika fimbo, mwendo ukampungua. Hakuuliza tunakwenda naye kufanya nini.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Marahaba, binti. Leo umenikumbuka?"

Nikamwambia Bibi Batuli aseme. Akasema, lile lile la magharibi na isha, na fimbo anaigonga chini kila akitaja sala. Mwalimu Salehe aliacha tasbihi. Akamtazama mama, lakini mama alikuwa anatazama mchanga ndani ya sinia, mchanga mtupu, hauna kitu.

"Nitazame tena," Mwalimu akasema.

Akachora. Akaweka mkaa Saratani, kokwa Akarabu, ushanga Hutu, akapitisha uzi mwekundu. Mafiga yalikuwa yaleyale. Kisha akachukua kauri, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. Akaipeleka nyumba ya Jadi, mahali pake pa zamani, akasita ukingoni, halafu akaivusha mstari akaiweka nyumba ya Dalu.

"Subhanallah," akasema.

"Ni nini?" nikauliza.

"Mwezi wako hauko mbele ya Zohali. Umetoka. Kutoka Dalu hauoni Saratani, ukuta umepita katikati. Zuhura naye haumwoni. Umebaki na Mushtara peke yake, na yeye unamwangalia kwa jicho la ugomvi." Akatabasamu kidogo. "Hapo sishangai, mdomo wako naujua. Lakini mafiga haya hayana mpishi, binti. Mpishi alinyanyuka akaenda zake kabla hata hujazaliwa. Na Mwezi uliovuka hivyo, umeacha nyumba moja umeingia nyingine, ni mwezi wa mtu wa kuhama. Mimi nilikosea. Ile niliyoisoma mwanzo ilikuwa ya Abbasi peke yake."

Nilitaka kuruka. Nilitaka kukimbia chemchemini nikapige kelele. Badala yake nikamgeukia mama, maana ushindi wangu niliutaka auone kwa macho yake. "Umesikia, Mama? Alikosea. Wewe ulisahau saa, na yeye akakosea."

"Sikusahau," mama akasema.

Akanyanyua macho toka mchangani, akamwelekea Mwalimu.

"Nitasahauje? Nani aliyezaa? Batuli alikuwa anakwenda kusali, mimi nilikuwa siendi popote." Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kama mtu anayetua mzigo na kuogopa usivunjike. "Mwalimu, nilipokuja kwako mwaka ule nilijua utanitafutia nyumba ya mauti ya mwanangu. Nikaona nikikwambia wamezaliwa mbalimbali, utamsoma peke yake, na ukimsoma peke yake unaweza kuniambia chochote. Lakini nikikwambia ni saa moja, nyota moja, utamsoma pamoja na huyu. Na huyu alikuwa amekaa hapa anapumua. Huwezi kuniambia amekufa na mimi namwona anapumua."

Bibi Batuli alijifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Nilimlisha," mama akasema. "Sikuwa na mdomo mwingine wa kumlishia."

Mimi nilikuwa nimekaa pale na ushindi wangu, na wallahi sikujua niuweke wapi. Miaka yote ile nilidhani naishi na mwanamke aliyedanganywa na nyota. Kumbe yeye ndiye aliyezipanga. Alikuwa anajua kila siku, kila sahani.

Mwalimu akakohoa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba, kwa kuwa sasa saa zimejulikana, na kama mama anataka, basi anaweza kumtazama Abbasi peke yake, leo hii, na kumwambia lililoko. Akainyoosha mikono kwenye sinia airudishe kauri nyumba ya Jadi.

Mama alikuwa mwepesi kuliko yeye. Akaweka kiganja chake juu ya mchanga, akakipitisha toka ukingo mpaka ukingo. Mraba ukaenda, nyumba zikaenda, uzi ukajikunja, na zile nyota zikarundikana upande mmoja wa sinia.

"Usimsome," akasema. Kisha akanitazama mimi. Aliniangalia sana, uso, mabega, mikono, na nikaona kwamba ananitazama mimi tu, hamtafuti mtu mwingine nyuma yangu. "Huyu ni wa isha. Nyota yake ni yake. Mwambieni ba'mdogo wake nimeridhia. Aolewe, aende zake Dodoma."

Akanyanyuka, akashukuru, akaondoka mbele yetu bila kumngoja mtu. Goti lilimwuma Mwalimu lakini alisimama kwa heshima mpaka mama alipopotea kwenye ukungu.

Nilikawia kidogo njiani na Bibi Batuli, mwendo wake mnajua. Nilipofika karibu na nyumbani nikaona moshi hautoki jikoni. Moto ulikuwa umezimwa, majivu yamemwagiwa maji. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani, na mama amekaa juu yake, amejifunika kaniki mpaka kichwani, na mbele yake kanzu ya Abbasi imekunjwa vizuri. Majirani walikuwa wanaanza kuingia, wanasimama mlangoni hawaelewi. Mmoja akauliza, "Nani amefariki, Mishi?"

"Abbasi."

"Habari imekuja lini?"

"Haikuja," mama akasema. "Kaeni."

Wakakaa. Matanga yana nguvu zake. Wanawake wakikaa mkekani, hata aliyekuja kwa kushangaa analia. Ba'mdogo akaleta mbuzi. Mwalimu Salehe akaja na wanafunzi wake wakasoma khitima. Jioni wakafika wazee wa Msafiri, wamekwisha kupata habari ya radhi ya mama, wamevaa nguo nzuri, wakakuta msiba, wakavua viatu wakaingia miongoni mwa wanaume bila kusema lililowaleta. Msafiri alikuwa nyuma yao. Tuliangaliana. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, na miguu haikunipeleka popote.

Nilikwenda nikakaa kando ya mama. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilikuwa sijawahi kumlilia kaka yangu hata siku moja, mnaelewa? Nyumbani kwetu hakuwa amekufa. Nilimkasirikia, nilimlaumu, nilimlia chakula chake, nilimwonea mto na milima, lakini nilimwona ni mtu anayekawia kwa makusudi, anayenichezea. Sasa ile kanzu ilikuwa mbele yangu, mabega yake mapana yamekunjwa mara mbili, na ghafla nikaona kuwa hakuna mtu atakayeivaa. Nikatoa sauti ambayo sikuijua, nikaangukia mkekani, nikaliita jina lake mbele ya watu wote.

Mama alinivuta, akaniweka kichwa pajani pake chini ya ile kaniki, palipokuwa na giza na joto, nikasikia mkono wake unapita mgongoni mwangu.

"Lia," akasema. "Lia, mwanangu. Nilikuzuia hata hili."